Mwendo wa maongezi: maana yake kwa anayeanza kukimbia

Mwendo wa maongezi ni kasi ya kukimbia inayokuachia pumzi ya kusema sentensi nzima, kisha nyingine, bila kukata neno katikati ili uheme. Haupimwi kwa kilomita kwa saa, wala haufanani kwa watu wawili. Kwa mwanariadha wa Iten, Kenya, unaweza kuwa kasi ambayo wengi wetu tukiifuata tutasimama baada ya mita 400. Kwa mama aliyekaa ofisini miaka kumi na mitano bila mazoezi, unaweza kuwa kasi inayomzidi kidogo tu mtu anayetembea harakaharaka kuwahi daladala. Wote wawili wako kwenye mwendo huohuo, kwa sababu kinachopimwa ni pumzi.

Nalieleza neno hili kwa urefu kwa sababu nimewaona watu wengi wakianza kukimbia na kuacha ndani ya wiki mbili, na karibu wote waliangushwa na jambo moja. Mtu ananunua raba, anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafika barabarani na kuchomoka kama anayefukuzwa. Dakika ya tatu kichomi kimembana ubavuni. Dakika ya tano ameshika kiuno. Anarudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake haukuumbiwa mbio, na imani hiyo anaibeba miaka. Mwili wake hauna kosa lolote. Aliupa kazi ya mtu mwingine.

Picha ya mbio tuliyo nayo kichwani wengi wetu imetoka kwenye televisheni. Septemba 2025 tulimwona Alphonce Simbu akimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo na kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Tulishangilia mita za mwisho, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Ambacho kamera haionyeshi ni asubuhi nyingi za mbio nyepesi zilizokuja kabla ya siku kama hiyo. Wakimbiaji wa masafa marefu, hata wakali kabisa, hutumia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki kwa mwendo mwepesi. Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, kila kilomita ilimchukua kama dakika 2 na sekunde 50. Lakini katika siku za mbio nyepesi, makundi ya Bonde la Ufa huanza taratibu kiasi kwamba mgeni mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kukaa nao kwa muda kabla miguu yao haijachangamka.

Kwa sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania, dhana hii si ngeni. Tuliijua kwa jina la mchakamchaka. Asubuhi kabla ya mstarini, kiongozi anakimbia pembeni akiimbisha, sisi tunaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Waliopita JKT wanaujua zaidi, na klabu za jogingi za mitaani Dar es Salaam bado hukimbia hivyo asubuhi za mwisho wa wiki, zimevaa fulana za rangi moja. Tazama jinsi mchakamchaka ulivyopangwa. Kiongozi anapoimba mstari wake mrefu, kundi linavuta pumzi. Kundi linapoitikia kwa maneno mawili matatu, kiongozi naye anavuta yake. Kasi ikizidi, kiitikio kinafifia, na kiongozi mwenye sikio zuri analisikia hilo na kupunguza. Watoto mia mbili wenye miguu ya urefu tofauti walikimbia pamoja bila saa ya mkononi, na wimbo ndio uliokuwa ukiwapimia kasi.

(Kuimba peke yako ubeti mzima ni kazi kubwa kuliko kuzungumza. Ukiweza kuimba hivyo huku unakimbia, uko chini kidogo ya mwendo wa maongezi, na kwa wiki za mwanzo hapo ni mahali pazuri pa kuwa.)

Kipimo ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni salamu. Salamu yetu haiishi kwa neno moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za asubuhi?"

"Nzuri. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

Ukiweza kuyasema hayo yote unapompita mtu mzima, ukayamaliza bila neno hata moja kuvunjika, uko kwenye mwendo sahihi. Miezi ya kwanza nilipoanza kukimbia nilikutana na mzee wa mtaani kwetu akitoka msikitini. Shikamoo ilinitoka nusu, iliyobaki ikamezwa na kuhema, nikaishia kumpungia mkono. Niliumia, maana kwetu mkubwa hapungiwi mkono. Tangu siku hiyo nikimwona mtu mzima mbele yangu nikawa napunguza kasi mapema ili nimsalimie inavyostahili. Baada ya miezi kama miwili nikagundua kwamba sipunguzi tena, na salamu inatoka nzima.

Jambo kama hilo lilimpata mtu maarufu kuliko mimi, kocha Mmarekani Bill Bowerman, alipokwenda kumtembelea kocha mwenzake. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, alijulikana duniani mwaka 1960 wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walipotwaa dhahabu za Olimpiki Roma, Snell katika mita 800 na Halberg katika mita 5,000. Mafunzo yake yalijengwa juu ya kilomita nyingi za mwendo mwepesi. Baadaye aliwaingiza kwenye mwendo huo wakazi wa Auckland wa umri wa makamo, wakiwemo watu wenye maradhi ya moyo. Bowerman, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alipomtembelea miaka ile ya mwanzo ya 1960, alialikwa kutoka na kundi hilo asubuhi. Alibaki nyuma. Mzee mmoja wa zaidi ya miaka 70, aliyekwisha kupata shambulio la moyo zaidi ya mara moja, alirudi nyuma kumsindikiza, akiongea naye njia nzima, na Bowerman hakuwa na pumzi ya kumjibu. Aliporudi Marekani aliieneza jogingi kwa watu wa kawaida, na kuanzia hapo ikasambaa.

Sasa, kwa nini mwendo huu unafanya kazi? Misuli ina njia mbili kubwa za kupata nguvu. Moja inatumia oksijeni na inaweza kuendelea kwa saa nyingi, ikichoma mafuta na sukari pamoja. Nyingine inavunja sukari harakaharaka pasipo kungoja oksijeni. Ina nguvu nyingi, lakini haidumu. Ukiwa kwenye mwendo wa maongezi, njia ya kwanza inatosha karibu kazi yote. Ukiuvuka, njia ya pili inazidi kuchangia, mabaki yake yanajaa kwenye damu kuliko mwili unavyoweza kuyatumia, na ubongo unaamuru mapafu yaheme zaidi. Ndiyo maana maneno yanakatika. Kukatika kwa maneno ni ishara ya mabadiliko halisi ndani ya misuli, na ishara hiyo haihitaji kifaa cha kununua. Saa zenye kupima mapigo ya moyo zinasaidia, lakini ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220 ni ya wastani tu. Kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi.

Mwili unaofanyiwa kazi hiyo ya polepole mara tatu au nne kwa wiki unaanza kujipanga upya. Ndani ya wiki mbili za mwanzo sehemu ya majimaji ya damu huongezeka, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Katika wiki zinazofuata mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuizunguka misuli ya miguu, na mitokondria, vile vijumba ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu, huongezeka pia. Hivyo ndivyo pumzi inavyojengwa. Wachezaji mpira wanaposema fulani "ana pumzi", sehemu kubwa ya wanachokisema ipo hapo.

Lakini sababu inayonigusa zaidi ni mifupa na kano. Moyo na mapafu huitikia mazoezi upesi, ilhali kano ya kisigino na mfupa wa muundi huchukua miezi. Mfupa unaozoea mzigo mpya kwanza hubomoa sehemu ndogondogo ndipo ujenge upya, na kabla ujenzi haujakamilika huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa. Hapo ndipo mwanzaji anapoumia. Wiki ya tatu au ya nne anajisikia mwepesi, anajiona amekuwa mkimbiaji, anaongeza kasi na umbali kwa pamoja, halafu maumivu ya mbele ya muundi yanamkalisha mwezi mzima. Mwendo wa maongezi unamzuia kwa wema, kwa sababu mguu unaokwenda taratibu unaigonga ardhi kwa nguvu ndogo.

Kuna anayeuliza: nikienda polepole hivi, tumbo litapunguaje? Swali hili linakuja na mavazi yake. Utawaona watu ufukweni Coco Beach wamevaa makoti mazito, wengine wamejifunga nailoni tumboni, wakitafuta jasho. Jasho ni maji na chumvi. Uzito uliotoka kwa jasho hurudi ukinywa maji, na ni lazima uyanywe. Kujifunika hivyo katika joto la Dar ni hatari ya kweli, maana mwili hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi, na nailoni inazuia jasho kukauka. Mafuta hupungua kwa kazi iliyofanywa kwa muda mrefu na kwa chakula kilichopangwa. Anayeweza kukimbia dakika 40 taratibu, mara nne kwa wiki, mwaka mzima, atafanya kazi kubwa mno kuliko aliyekimbia kama mshale kwa siku sita akaacha.

Joto lenyewe hubadilisha mwendo wako wa maongezi. Pwani, hasa kati ya Desemba na Machi, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki vizuri. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na misuli inapata pungufu. Kasi iliyokuwa nyepesi Arusha itakukata maneno Mikocheni. Fuata maneno yako, usifuate namba za jana. Toka kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au ngoja jua lizame. Barabarani kimbilia upande wa kulia, ili magari yanayopita upande wako uyaone uso kwa uso, na bado ziangalie bodaboda, maana nyingine huja kinyume. Dada zangu wanaotoka gizani nawaomba watoke wawili wawili au na kundi. Mwendo wa maongezi unakuwa rahisi zaidi ukiwa na wa kuongea naye.

Itakuwaje kama huwezi kuongea hata kwa mbio zako za polepole kabisa? Tembea. Kutembea ni sehemu halali ya mpango. Mpango mmoja maarufu wa wanaoanza, ulioandikwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996 na kujulikana kwa jina la Couch to 5K, unaanza wiki ya kwanza kwa kutembea haraka dakika 5, kisha kukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, kwa zamu, hadi dakika 20 ziishe. Mara tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku unapumzika. Vipande vya kukimbia hurefuka polepole hadi wiki ya tisa. Anayehitaji wiki kumi na tano hajachelewa popote. Na usione aibu ikiwa anayetembea haraka anakaribia kukupita. Tofauti ya kukimbia na kutembea haiko kwenye kasi. Iko kwenye ule muda mfupi ambapo miguu yote miwili imeachana na ardhi, na muda huo unao hata ukienda kilomita moja kwa dakika 9.

Wenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, na wajawazito, waonane na daktari kabla ya kuanza. Na yeyote anayebanwa kifua, anayeona kizunguzungu au anayesikia moyo ukienda ovyo asimame hapohapo na atafute msaada. Maumivu kama hayo hayavumiliwi kwa kutembea kidogo.

Ukishaweza kukimbia dakika 30 mfululizo huku unaongea, na ukakaa hapo wiki nne hivi bila muundi wala kisigino kulalamika, unaweza kuonja kasi. Mara moja kwa wiki, mwisho wa mbio zako, tafuta kipande cha barabara iliyonyooka, changamka kwa sekunde 20, kisha tembea mpaka pumzi irudi yote. Rudia mara nne. Siku nyingine zote za wiki ziache kama zilivyo, na wazee wa mtaani wasalimie kikamilifu.