Usiku wa mashairi: hesabu ya muda, maiki na kibwagizo

Ratiba ya usiku wa mashairi ipangwe kwa mizani (silabi) kwanza, majina yafuate. Shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo mizani 16: nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Beti saba ni mizani 448. Likighaniwa kwa lahani (mahadhi) ya polepole, mshororo mmoja huchukua sekunde 7 hadi 8, kwa hiyo ubeti ni nusu dakika na shairi zima dakika tatu na nusu. Hadhira ikipokea kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, zinafika nne na ushee. Shairi hilohilo likisomwa tu bila kughaniwa, dakika mbili hazifiki.

Ndiyo sababu sikubali kile kipimo cha dakika tatu kinachopendwa siku hizi. Kilitoka kwenye mashindano ya ushairi yaitwayo slam, yaliyoanzia Chicago miaka ya 1980, na kwa ushairi wa kutamkwa kinatosha kabisa. Lakini mghani ukimpa dakika tatu unamkata ubeti wa tano au wa sita, naye kaditama, yaani ubeti wa kufungia, hajaifikia, pale ambapo malenga wengi hutia nia ya shairi na jina lao. Nashauri dakika 5 jukwaani kwa kila mtu, na moja ya kupanda na kushuka. Washairi 12 wa jukwaa huria, wanaojiandikisha mlangoni, ni dakika 72, waalikwa watatu kwa dakika 12 kila mmoja ni 36, mapumziko 15, mshereheshaji 12. Jumla ni saa mbili na robo. Mombasa au Unguja, anza saa 2:15 usiku ili waliokwenda kuswali Isha wawe wamerudi, na saa nne na nusu watu wanaondoka.

Orodha ifunguliwe nusu saa kabla, ifungwe jina la 12 likishaandikwa. Pembeni ya jina andika mambo mawili: anaghani au anatamka, na ana beti ngapi. Mwenye beti 15 za tarbia aambiwe hapo hapo mlangoni achague nane, maana kumkatiza jukwaani ni kumvunjia heshima. Utenzi una hesabu yake: mishororo ni ya mizani nane, basi beti 14 zake ni sawa na saba za tarbia.

Mwanafunzi asiwe wa kwanza kupanda. Mpe nafasi ya kwanza mtu wa hapo hapo mwenye sauti iliyozoea ukumbi, na wageni wako wasirundikane mwishoni. Mmoja kabla ya mapumziko, mmoja mara tu baada yake, wa tatu awe wa pili kutoka mwisho. Waghani wawili wenye lahani moja wasifuatane, kwa sababu sikio likishazoea lile wimbi linaacha kusikia maneno. Katikati yao weka shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani. Mabishano ya mapokeo na shairi huru yalipamba moto miaka ya 1970, baada ya diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, na bado kuna waandaaji wanaowatengea vijana usiku wao peke yao. Wanawanyima wote wawili. Kijana anajifunza pumzi kwa mghani, na mghani anaona jinsi kimya kinavyoweza kubeba maana.

Sasa maiki. Spika zisimame mbele ya maiki, zitazame watu. Zikiwa nyuma ya mshairi, sauti yake inarudi kwenye maiki na spika zinaanza kulia. Kulia huko huongezeka mtu akifumba kichwa cha maiki kwa kiganja kama wafanyavyo wasanii wa muziki wa kizazi kipya. Ashike mpini. Mdomo ukae vidole vinne kutoka kwenye maiki, na maiki ielekezwe kidogo pembeni ya mdomo, vinginevyo kila “p” na “b” itapiga kama mlango. Mwambie fundi mitambo aondoe mwangwi wote. Mwangwi unapendeza kwenye taarabu, ila kwenye shairi kina cha kati kinakuwa bado kinazunguka ukumbini wakati kina cha mwisho kinatua, na vina vikigongana mtunzi amefanya kazi bure. Fundi ajue pia nani anaghani: sauti ya kughani ni kubwa kuliko ya kusema, na marekebisho yafanywe kabla ya ubeti wa kwanza.

Kibwagizo ndicho kinachougeuza umati kuwa hadhira, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Tazama ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Naingia ukumbini, shairi nimelishika,
Halimo karatasini, moyoni limejengeka,
Waungwana sikizeni, kibwagizo kikifika,
Pokeeni kwa pamoja, sauti zipate paa.

Pumzi ndogo iko kwenye kila mkato, baada ya mizani ya nane. Pumzi kubwa iko baada ya “kikifika”, na hapo mghani anyanyue uso. Yeye aseme ukwapi, “Pokeeni kwa pamoja”, kisha aondoe maiki mdomoni: utao ni wa ukumbi. Asipoiondoa, sauti yake inawafunika na ubeti wa pili hawaitikii tena. Mshereheshaji awafundishe watu kibwagizo mara mbili kabla shairi halijaanza. Shairi la sabilia halina kibwagizo kinachorudiwa, kwa hiyo watu waambiwe mapema wasikilize tu, wasije wakaanza kuitika ovyo.

Ngonjera, mashairi ya watu wawili au zaidi wanaojibizana, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza miaka ya 1960, zinataka maiki mbili. Kupokezana moja kunakula sekunde tatu kila zamu, na majibizano hupoa. Malumbano ni hivyo hivyo.

Anayesoma kwenye simu aizime mtandao na aishike kifuani, chini ya maiki, ili uso uonekane. Karatasi ni bora, ikiwa na herufi kubwa na ukurasa unaoishia mwisho wa ubeti.

Watu watataka kumtunza mghani fedha. Ni desturi nzuri, ila kumpandia mghani jukwaani na noti katikati ya mshororo kunamkata pumzi. Weka kapu mbele ya jukwaa, fedha zihesabiwe mbele ya mshairi na apewe usiku ule ule. Nauli ya wageni iwe kwenye bahasha tangu jioni. Muuza kahawa naye akae nje ya mlango hadi mapumziko, kwa sababu mlio wa vikombe vyake unasikika hadi safu ya nyuma na unaingia kwenye kinasa sauti.

Na kuhusu kurekodi: kwenye orodha ya mlangoni ongeza safu moja ya “ndiyo” au “hapana”. Shairi ni mali ya mtunzi. Wapo wanaotaka kulitoa kwenye diwani kwanza, na wapo wanaokubali sauti lakini si picha. Aliyeandika “hapana”, mshereheshaji aombe simu zote ziwekwe chini kabla hajapanda.