Upana wa kitako cha msingi kwa nyumba yenye chumba cha chini: yanayosemwa saiti na ukweli wake

"Mtaro wa futi mbili unatosha nyumba yoyote."

Hii ndiyo dhana inayoharibu nyumba nyingi. Futi mbili, yaani milimita 600 hivi, ni kipimo kilichozoeleka kwa nyumba isiyo na ghorofa, yenye paa la bati, juu ya udongo mgumu. Ukiongeza chumba cha chini ya ardhi umeongeza ukuta mzito wa zege na slabu nzima, kwa hiyo kipimo hicho kiache.

Upana wa kitako, yaani zege pana linalokaa mtaroni chini ya ukuta, unatokana na hesabu moja: uzito unaoshuka kwenye mita moja ya ukuta, gawanya kwa uzito ambao udongo unaruhusiwa kubeba kwa mita ya mraba. Ripoti ya udongo ikiandika kPa 100 (kilopaskali, kipimo cha shinikizo), hesabu tani 10 kwa mita ya mraba. Tuchukue nyumba yenye chumba cha chini, sakafu ya usawa wa ardhi na ghorofa moja, kuta zikiwa mita 4 kutoka moja hadi nyingine. Mita moja ya ukuta wa nje inabeba takribani hivi:

- slabu mbili za milimita 150 pamoja na vigae, kuta za kugawa vyumba, watu na samani: tani 3
- ukuta wa tofali za saruji wa milimita 200 uliopigwa lipu, sakafu mbili: tani 3
- paa: tani 0.5
- ukuta wa zege wa chumba cha chini, unene milimita 250, kimo mita 2.8: tani 1.8
- kitako chenyewe na kifusi kinachokikalia upande wa nje: tani 2.7

Jumla ni tani 11. Kwenye udongo wa tani 10, upana ni mita 1.1. Udongo wa tani 15 unahitaji kama mita 0.7 tu. Ukishuka hadi tani 7.5, utafika mita 1.7, kwa sababu kitako kikipanuka kinabeba kifusi zaidi, na kifusi hicho nacho kinadai upana. Ndiyo maana hesabu hii hurudiwa mara mbili tatu mpaka namba itulie.

"Kuta za ndani hazina kifusi, mtaro wake uwe mwembamba."

Ukuta wa ndani hupokea slabu kutoka pande zote mbili: tani 6 badala ya 3. Kwenye nyumba hiyohiyo nao unahitaji karibu mita 1.1. Ukiupa milimita 450, utazama kuliko wa nje, na nyufa za mshazari zitatokea kwenye kona za milango.

"Ongeza nondo, upunguze upana."

Nondo haibadilishi chochote kwenye udongo. Kazi yake ni kuzuia zege lisivunjike. Kitako cha mita 1.1 kinachomoza milimita 425 kila upande wa ukuta; kikiwa na unene wa milimita 250 bila nondo, kinaweza kupasuka kuanzia chini, usawa wa uso wa ukuta. Unene ukiwa mdogo kuliko mchomozo, weka nondo. Kwa mfano huu, milimita 12 kila baada ya milimita 200 zinatosha, zikae chini, zikikata ukuta kwa upana. Mafundi wengi hulaza nyingi kwa urefu wa mtaro na kuacha za kukata, na hapo ndipo kitako kinapofia. Zinyanyue milimita 50 juu ya zege jembamba la kutandika.

"Ukuta ukikauka, jaza kifusi, slabu itafuata."

Usifanye hivyo. Bila slabu juu, ukuta unasimama peke yake dhidi ya msukumo wa udongo. Kifusi kikavu cha mchanga, kimo cha mita 2.6 juu ya kitako, husukuma uzito wote kwenye ukingo wa ndani wa kitako cha mita 1.1, na ukingo huo unaweza kulemewa na karibu tani 15 kwa mita ya mraba kabla hata tofali la juu halijapangwa. Maji yakiingia kwenye kifusi, msukumo unaongezeka sana. Subiri slabu ya juu na sakafu ya chini zikomae, au egemeza ukuta kwa mihimili.

"Ukichimba kina, udongo wote ni mgumu."

Kwenye udongo wa mbuga (mfinyanzi mweusi), kina husaidia ukivuka tabaka linalovimba na kufika kwenye moramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba. Lakini sehemu za pwani kama Msasani na Mikocheni, Dar es Salaam, maji yako karibu, na mchanga uliozama majini hubeba takribani nusu ya ulichobeba ukiwa mkavu. Kipimo cha kiangazi kisitumike peke yake. Uliza maji hupanda hadi wapi wakati wa masika.

Mvua ikinyesha mtaro ukiwa wazi, kwangua tope lote hadi udongo usioguswa. Usirudishie udongo kusawazisha: pengo lijaze zege dhaifu, kisha ndipo upange nondo.