"Hiyo" ipi? Kompyuta inapotaja vitu ndani ya uthibitisho

Chukua pembetatu ABC ambayo AB = AC. Chora mstari AD unaogawa pembe A nusu kwa nusu na kuikuta BC kwenye D. Ndani ya programu inayoandika uthibitisho kila kitu kina namba yake, hakuna utata. Utata huanza programu inapomwandikia mtu.

Njia ya msingi ya kuchagua maneno ya kutaja kitu ni ile ya watafiti Dale na Reiter ya mwaka 1995. Programu hupewa sifa kwa mpangilio, tuseme aina, ukubwa, kisha upande. Sifa inayoondoa walau mshindani mmoja, yaani kitu kingine kinachoweza kudhaniwa ndicho, hubaki. Isiyoondoa yeyote hurukwa. Washindani wakiisha, programu hukoma. Kwa ABD, "pembetatu" huondoa mistari na pembe, "ndogo" huondoa ABC, "ya kushoto" huondoa ACD. Haihangaiki kusaka maelezo mafupi kuliko yote, maana hesabu yake huwa nzito mno vitu vikiongezeka. Ila kwenye jiometri kitu chenye herufi kiitwe kwa herufi zake, basi.

Kwetu ngeli husaidia, na huponza. "Mstari" hudai "huo", "duara" hudai "hilo". Lakini pembe na pembetatu zote ni I-ZI. Soma hii: "Pembe A imo katika pembetatu ABC. Hiyo imegawanywa na AD." Ipi? AD imezigawa zote mbili!

Kigumu zaidi ni kurejelea hoja, jambo ambalo Xiaorong Huang alilishughulikia Ujerumani miaka ya 1990 katika PROVERB, mfumo uliogeuza uthibitisho wa mashine kuwa maandishi ya kawaida. Kila hatua ya mashine hubeba sababu zake zote, na ukizichapa zote unapata "kwa (1), (2) na (5)" hadi msomaji achoke. Mimi hupima umbali. Sababu iliyotoka sentensi iliyopita tu, "hivyo" inatosha. Ikiwa nyuma kidogo, irudiwe: "kwa kuwa AB = AC". Ikiwa mbali, itajwe kwa namba au jina la kanuni.

Kosa ninaloliona sana ni kuchagua marejeo (maneno kama "hiyo" na "hivyo") kabla ya kuunganisha sentensi. Sentensi zikihama, "hiyo" hubaki ikielekeza kwa jirani mpya. Panga kwanza, unganisha, ndipo uchague marejeo. Kisha kagua: kwa kila "hiyo", hesabu nomino za umoja za ngeli hiyo katika sentensi mbili zilizotangulia. Zikizidi moja, andika nomino yenyewe: "pembe hiyo".