Umetaboli wa mdudu, au kwa nini gunia la Mikindani huwahi kubunguliwa kuliko la Newala

Tia mkono katikati ya gunia la mahindi lililojaa fukusi, lililokaa miezi kadhaa kwenye chumba kilichofungwa. Utasikia vuguvugu. Mahindi makavu peke yake hayana sababu ya kuwa na joto kuliko chumba yaliyomo. Joto hilo ni la wadudu. Wanatafuna punje, wanavuta oksijeni, wanaunguza wanga miilini mwao, na katika kuunguza huko wanapata nguvu ya kutembea, kukua na kutaga. Kinachobaki ni hewa ukaa, mvuke na joto. Shughuli hiyo yote, ya kugeuza chakula kuwa nguvu na mwili, ndiyo inayoitwa umetaboli.

Sisi pia tunao. Tofauti ni kwamba mwili wa binadamu unajishikilia kwenye nyuzi 37 hivi, awe amelala Makete kwenye baridi au amekaa Mtwara mjini mwezi wa Desemba saa nane mchana. Sehemu kubwa ya ugali tunaokula inaishia kwenye kazi hiyo ya kulinda joto. Fukusi hana gharama hiyo. Joto la mwili wake ni lile la mahali alipo: chumba kikiwa na nyuzi 24, naye ana 24, kikifika 30, naye 30. Shuleni tulifundishwa kuwaita viumbe hawa wa damu baridi, jina ambalo sijawahi kulipenda, maana mdudu wa Lindi wakati wa kaskazi hana ubaridi wowote. Afadhali tuseme joto lake ni la kuazima.

Na joto likiongezeka, kazi ya ndani inakwenda mbio. Molekuli hugongana zaidi, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili, hufanya kazi haraka, chakula huisha upesi. Kanuni ya jumla wanayoitumia wanabiolojia ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, umetaboli wa mdudu hupanda mara mbili hadi tatu, mradi joto halijavuka kiwango anachokimudu. Hata masikio yanaweza kulipima jambo hili. Mwaka 1897 mwanafizikia Mmarekani, Amos Dolbear, alichapisha kanuni ya kukadiria joto la usiku kwa kuhesabu nyenje wanalia mara ngapi kwa dakika. Usiku ukiwa na joto wanalia haraka, ukipoa wanavuta.

Sasa turudi kwenye gunia. Mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa siku moja, yagawe mafungu mawili: moja libaki Newala, juu ya uwanda wa Makonde, karibu na Shimo la Mungu ambako asubuhi za kusi watu hujifunika vitenge, la pili literemshwe Mikindani, usawa wa bahari. Tuseme tofauti ya joto kati ya vyumba viwili hivyo ni nyuzi 4 tu. Kwa kanuni ile ya mara mbili kwa nyuzi 10, fukusi wa Mikindani ataishi kwa mwendo unaozidi wa mwenzake kwa theluthi moja hivi. Theluthi si kitu cha kutisha, utasema.

Hapa ndipo watu wengi hupigwa chenga na hesabu. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi, fukusi wa mahindi huchukua takriban siku 35 kutoka yai hadi mdudu kamili. Mpunguzie mwendo kwa kiasi kile, zitakuwa siku 46. Katika siku 150, yaani Julai hadi Novemba, Mikindani vizazi vinne vimekamilika, Newala vitatu. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai mia. Tuwe wapole tuseme majike 10 tu ndio wanaopona na kuzaa. Newala utakuwa na majike 1,000 kutoka kwa yule mmoja wa mwanzo. Mikindani 10,000. Nyuzi 4 zimezaa tofauti ya mara kumi. Hesabu hii ni ya kuonyesha njia tu, kwa kuwa ghalani kuna vifo, msongamano na punje zinazoisha, lakini inaeleza kwa nini mahindi ya pwani yanageuka unga wakati yale ya juu bado yanapikika kande.

Ndiyo maana neno tabianchi, linapomhusu mdudu, lina uzito mwingine. Kwetu ni habari ya mvua kuchelewa na jua kuwa kali. Kwake ni kasi ya maisha yenyewe. Mwaka 2010 Michael Dillon na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba ongezeko dogo la joto ukanda wa tropiki linapandisha umetaboli kuliko ongezeko kubwa kule kwenye baridi. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria: mdudu wa pwani yetu tayari yuko mbioni, na asilimia saba (ndiyo nyongeza ya kila nyuzi moja, kwa kanuni ile ya mara mbili kwa nyuzi 10) ya mbio ni hatua nyingi kuliko asilimia saba ya kutambaa.

Mbu wa malaria naye yumo. Kijidudu cha malaria kali, kikiwa tumboni mwa mbu, hukomaa kwa joto la mbu huyo: kwenye nyuzi 20 kinahitaji kama siku 28, kwenye 25 kama siku 12. Mbu wengi hawaishi siku 28. Kumi na mbili wapo wanaozifikisha.

Joto lakini si baraka isiyo na kikomo. Mdudu hupumua kwa vitundu vidogo ubavuni, na umetaboli ukipanda vitundu hivyo hufunguka zaidi. Hewa inaingia, maji ya mwili yanatoka. Kukiwa na unyevu, hasara hiyo ni ndogo. Kukiwa na ukavu, inaua. Na juu ya nyuzi 40 hivi, kwa wadudu wengi mambo huanza kuharibika: kasi inayopanda taratibu huporomoka ghafla, kama mtu aliyepanda mlima mrefu akakuta upande wa pili ni genge. Kwenye nyuzi 50 na kuendelea fukusi hufa upesi. Bibi zetu wanaoanika mahindi juani kwenye turubai, wakayatandaza yawe membamba, wanamsukumia mdudu kwenye genge hilo bila kutaja neno umetaboli. (Ukiyarundika hakuna unachofanya, kwani yale ya chini yanabaki kivulini na fukusi wanahamia huko.)

Wa kuwatenga kidogo ni nyuki. Mmoja mmoja ni wa joto la kuazima, lakini wakiwa mzingani hutetemesha misuli ya mabawa kupasha watoto joto, na kukichemka hupepea na kuleta maji, hadi chumba cha watoto kibaki kwenye nyuzi 34 au 35.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoitwa kinga njaa, inautumia umetaboli kwa kuugeuza. Fukusi waliofungiwa ndani wanaendelea kuvuta oksijeni hadi inapungua mno, kisha wanaacha kula, wanaacha kutaga, wanakufa. Kadiri chumba kinavyokuwa na joto ndivyo wanavyoimaliza hewa yao haraka, kwa hiyo hapa Mikindani ina nafuu kuliko Newala. Sharti ni kufunga kwa kukaza na kuacha. Anayefungua kila wiki kuchota mahindi ya kande anawaingizia pumzi mpya. Bora kile cha matumizi akiweke kwenye ndoo pembeni.