Biskuti, mafaili na mbuzi: dhana potofu kuhusu kompyuta inayosoma mtandaoni

Dhana: Kompyuta ukiiacha isome intaneti peke yake, itazidi kuerevuka tu.

Kisa cha NELL kinasema vingine. Programu hii ilianza kazi Januari 2010 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, chini ya Tom Mitchell, ikisoma kurasa za wavuti usiku na mchana. Katika siku 67 ilikusanya madai zaidi ya 242,000, na kwa makadirio 74 katika kila 100 yalikuwa sahihi. Si haba.

Shida ni kwamba kosa huzaa kosa. Kwa Kiingereza biskuti na vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha kwenye kompyuta yako, vina jina moja, *cookies*. NELL ikaviweka vidakuzi kapu moja na keki. Kisha ikakuta watu wameandika kwamba wamefuta vidakuzi, na wengine wamefuta mafaili. Kumbe! Basi mafaili nayo yakahesabiwa kuwa vitu vya kuokwa. Ikabidi watu waingilie kati: tangu Juni mwaka ule watafiti walikuwa wakikagua kila kundi la maarifa kwa dakika tano hivi, kila wiki mbili.

Dhana: Inameza chochote kilichoandikwa.

Hapana. NELL ilianza na mifano 10 hadi 15 ya kila aina ya kitu, miji kwa mfano, ikachunguza maneno yanayoizunguka. Kinachofuata "meya wa" huenda ni mji. Dai jipya lilikaa benchi hadi ushahidi utoshe, na kilichokwisha kuitwa mji hakikuruhusiwa kuwa mtu.

Dhana: Mashine iliyoelewa Kiingereza, Kiswahili itakielewa vivyo hivyo.

Mitego ni tofauti. Sisi biskuti hatuichanganyi na kidakuzi, ila tuna mbuzi: mmoja analia zizini, mwingine ana meno ya chuma na tunamkalia tukikuna nazi. (Ona, hata mimi nimeteleza: *ina* meno, *tunaikalia*.) Ngeli ndiyo inayotenganisha. "Mbuzi huyu" hula majani, "mbuzi hii" hukaa jikoni. Mashine ikiishika kanuni hiyo imepata msaada ambao Kiingereza hakina, mpaka itakapokutana na yule aliyeandika mtandaoni, "Mbuzi hii imezaa mapacha."