Komifora Uani: Gome Linalofanya Kazi ya Majani

Manemane inayouzwa madukani Mombasa pamoja na ubani ni utomvu uliokauka wa komifora, miti ya nyika kavu za Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Lakini komifora si mmoja. Iko mingi, na baadhi yake iko karibu nasi: ukipanda barabara ya Nairobi ukaingia nyika ya Taru hadi Voi, vile vichaka vya kijivu visivyo na majani sehemu kubwa ya mwaka vimejaa miti hii. Siku hizi watu wanaitaka uani na kwenye vyungu kwa sababu ya gome lake, na mingi inakufa mikononi mwao.

Gome ndilo la kuelewa kwanza. Tazama mbambara, ambao ndio komifora unaopatikana kwa wingi. Ngozi ya juu hubanduka yenyewe kwa vipande vyembamba kama karatasi, na chini yake kuna rangi ya kijani. Kijani hicho kiko hai. Mti ukiwa mtupu wakati wa kiangazi, gome hilo hupokea mwanga wa jua na kuutengenezea mti chakula. Kwa hiyo usiubandue kwa mkono ili upendeze haraka, maana ngozi ya juu ndiyo kinga yake dhidi ya jua. Na tafadhali, usiupake chokaa. Najua sisi tukiona shina tu tunatafuta brashi, lakini hapa unafunika kile kile ulichokipandia mti, na unakizibia mwanga.

Kinachoua komifora Mombasa ni maji. Nyikani mti huu hupata mvua haba na kisha miezi ya ukavu. Hapa tunapata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi humwagika masika, hasa mwezi wa Mei. Hewa nayo ina unyevu daima. Usiupande basi mahali maji yanapotuama. Inua tuta la futi moja hivi kwa vipande vya matumbawe, mchanga na mboji kidogo sana. Tunaoishi juu ya mwamba wa matumbawe tuna bahati: kifusi kile mafundi wanachotupa wakichimba msingi ni kizuri mno kwa kupitisha maji. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Maji ya visima vyetu vingi pia yana chumvi, kwa hiyo tumia ya mvua ukiweza.

Mti huota kwa tawi. Wakulima wa Ukambani huchomeka matawi yakawa ua hai, kwa hiyo kama una jamaa huko, mwombe la unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja. Usikate ndani ya hifadhi ya Tsavo. Ni kosa kisheria. Likate Septemba kabla halijachipua, uliweke kivulini wiki mbili hadi kidonda kikauke, kisha lipande vuli inapoanza. Wengine hupanda masika, nami siwashauri: mvua ya Mei huozesha tawi lisilo na mizizi. Ukiona majani usishangilie mapema, kwa maana tawi laweza kuchipua kwa akiba yake tu. Usilitikise kujaribu kama limeshika.

Ukinunua mche, weka alama upande uliokuwa ukipata jua, na uuelekeze hivyo hivyo unapoupanda. Upande uliozoea kivuli ukikabili jua la Januari ghafla huungua, na kovu lake halifutiki.

Mwaka wa kwanza, ukiwa na majani na mvua hakuna, mwagilia mara moja kwa wiki mbili. Majani yakipukutika, acha kabisa. Hapo ndipo watu huingiwa na hofu wakaleta ndoo. Kwangua kijitawi kwa ukucha: kikiwa kijani, mti uko hai. Shina likibonyea chini na kutoa harufu mbaya, limeoza. Kata juu hadi ufikie mbao safi, ukaushe kipande hicho na uanze upya.

Mbambara una miiba, kwa hiyo uwe mbali na njia ya watoto. Ukipogoa, pogoa wakati wa kaskazi, na uvae nguo kuukuu kwa sababu ya utomvu.