Meli ndogo au feri: tofauti yake katika pwani ya Alaska

Inside Passage ni njia ya bahari inayopenya kati ya visiwa na bara, kuanzia maji ya Puget Sound katika jimbo la Washington, kupitia British Columbia nchini Kanada, hadi kusini-mashariki mwa Alaska. Visiwa vyenyewe ni vingi mno, na vinapokea kishindo cha Pasifiki kabla hakijaifikia meli. Ndiyo maana hata asiyezoea bahari anaweza kukaa siku nzima sitahani akitazama milima na misitu. Upande wa Alaska, sehemu kubwa ya ardhi hiyo imo ndani ya Tongass, msitu wa taifa mkubwa kuliko yote nchini Marekani, wenye hekta zipatazo milioni 6.8. Miji ni michache, na mingi haina barabara ya kuiunganisha na mwingine. Hata Juneau, makao makuu ya jimbo, haifikiki kwa gari kutoka nje: ama upande ndege, ama meli.

Anayetafuta safari huko hukutana na matangazo ya namna tatu. Ya kwanza ni ya meli kubwa za starehe zenye abiria elfu mbili, tatu au zaidi. Hizo tuziache, zinajieleza zenyewe. Mbili zinazobaki ndizo zinazochanganywa, yaani safari ya meli ndogo na safari ya feri, kwa sababu zote hupita maji yaleyale na picha zake hufanana.

Meli ndogo kwa kawaida hubeba abiria wasiofika 100, ingawa zipo kampuni zinazoita ndogo hata yenye 200. Mimi nisingeipima kwa idadi hiyo. Ningeuliza kama nahodha anaruhusiwa kusimama. Katika meli ndogo ya kweli, ratiba imeachiwa nafasi kwa makusudi. Nyangumi wenye nundu wakionekana Frederick Sound, ambako hukusanyika kiangazi kula samaki wadogo na uduvi, injini hupunguzwa na chakula cha mchana husubiri. Jioni nanga hushushwa kwenye ghuba isiyo na gati wala kijiji, kisha abiria huteremshwa kwa boti za mpira au kayaki. Kwa hiyo fedha nyingi unazolipa zinanunua muda wa kusimama, na waongozaji wa kukueleza unachokiona.

Na fedha ni nyingi kweli. Wiki moja ni dola elfu kadhaa kwa mtu. Sehemu ya sababu ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886, inayozuia meli zenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari mbili za Marekani bila kutia nanga nchi nyingine. Meli kubwa zinazotoka Seattle hupitia Victoria, Kanada, ili kutimiza sharti hilo. Meli ndogo inayosafiri tu kati ya Juneau na Sitka, mji mwingine wa Alaska, lazima iwe na bendera ya Marekani, na hiyo maana yake ni meli iliyoundwa Marekani na mabaharia wanaolipwa mishahara ya huko.

Feri ni habari nyingine kabisa. Alaska Marine Highway ni huduma ya jimbo iliyoanza mwaka 1963, na wenyeji huichukulia kama barabara yao. Humo utakuta familia na gari lao, timu ya shule inayokwenda mashindanoni, mtu aliyenunua friji mji mwingine. Msomaji anayeikumbuka MV Liemba ikihudumia vijiji vya ufukwe wa Ziwa Tanganyika amekwisha kuelewa. Unalipa nauli, chumba hulipiwa kando, gari kando, chakula unanunua. Wasiotaka chumba hulala kwenye viti, au kwenye sitaha ya nyuma iliyoezekwa na kuwekewa taa za joto. Wengine husimika mahema palepale juu ya chuma na kuyabandika kwa utepe wa gundi yasipeperuke. Kutoka Bellingham, Washington, hadi Ketchikan, Alaska, ni takriban saa 38.

Tatizo la feri ni kwamba haikusubiri wala haimsubiri nyangumi. Sehemu nzuri inaweza kupitwa saa nane za usiku. Gati nalo linaweza kuwa mbali na mji: la Juneau liko Auke Bay, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, na ukishuka usiku wa manane utajua umuhimu wa kupanga usafiri mapema. Barafuto, ile mito ya barafu inayoshuka hadi baharini, ndiyo inayowavuta wengi, lakini feri haikufikishi mbele yake. Itakupeleka Gustavus, kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi ya Glacier Bay, na toka hapo barafuto kubwa bado ziko mbali ndani ya ghuba. Kiangazi hutoka boti ya kutwa ya kuwapeleka watalii huko.

Lakini feri ina raha yake ambayo meli kubwa haina. Kati ya Wrangell na Petersburg kuna mlango mwembamba uitwao Wrangell Narrows, wenye urefu wa kilomita 35 hivi, uliojaa maboya na taa za kuongozea. Meli kubwa hazipiti humo. Feri hupita, ikikata kona moja baada ya nyingine, huku nyumba za ufukweni zikiwa karibu kiasi cha kuwaona watu.

Mwenye siku nyingi na fedha kidogo ningemshauri apande feri, ashuke kila mji siku mbili tatu, kisha alipie boti ya kutwa pale penye barafu. Mwenye wiki moja tu, na anayetaka nyika hasa, apande meli ndogo, ila kabla ya kulipa aulize ni saa ngapi kwa siku abiria huwa nje ya meli. Tangazo likijaa habari za vyakula na vitanda bila kujibu hilo, aangalie kampuni nyingine.

Msimu wa meli ndogo ni takriban Mei hadi Septemba, wakati feri husafiri mwaka mzima kwa ratiba inayopungua majira ya baridi. Koti la mvua ni la lazima kwa vyovyote, kwani Ketchikan hupata zaidi ya mita 3 za mvua kwa mwaka. Dawa ya kichefuchefu nayo ibebwe, maana Queen Charlotte Sound na Dixon Entrance ziko wazi kwa bahari kuu na huko visiwa havikingi kitu. Na mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki atazame vizuri kama njia yake inagusa bandari ya Kanada, kwa mfano Prince Rupert au Victoria, kwa sababu viza ya Marekani peke yake si kibali cha kushuka huko.